Fundi Mvua na Benchi la Mama Mkwe

Hebu mwone kwanza anavyokuja. Ni Jumatatu asubuhi, jua bado halijakasirika, na pale kwenye kona ya mtaa inatokeza baiskeli. Nyuma limefungwa sanduku la bati. Mbele, kwenye usukani, vinaning'inia vipande vya bomba la plastiki vinavyogongana kila baiskeli ikiruka shimo. Katikati ya vyote hivyo yuko mtu mfupi mwenye kitambi cha heshima, kofia ameigeuza kisogoni, na anapiga pedali miguu mitupu. Usimcheke bado. Miguu ile ndiyo mtambo wake wa kazi.

Watu wanamwita Fundi Mvua. Yeye hutengeneza vinyunyizio vya bustani, vile vichwa vidogo vinavyochomoza kwenye majani, vikatema maji huku vinazunguka, halafu vikarudi chini kama kobe aliyesikia mlango. Vikiziba, vikivuja, vikianza kumwagilia barabara badala ya nyasi, anaitwa yeye. Akifika huvua viatu kama alikuwa navyo, hukunja suruali mpaka magotini, kisha huutembea uwanja mzima polepole, macho ameyafumba. Nyayo zinamwambia: hapa kukavu, hapa kuna ubaridi, hapa chini yanapita maji bila ruhusa. Penye shaka hulala kifudifudi, sikio ardhini, akatoa "mmmh" ya kidaktari. Wateja wapya hudhani amezimia. Kuna mama mmoja alimmwagia ndoo nzima kichwani ili azinduke. Fundi aliinuka, akajipangusa macho, akamwambia kwa upole, "Ahsante mama, lakini haya nayo ungeyaweka yangefaa kwa kitu."

Basi Jumatatu hiyo hakuwa anakwenda kwa mteja. Alikuwa anakwenda kwa mama mkwe wake.

Ndiyo maana, alipobakiza nyumba tatu, alisimama. Alitoa sandukuni viatu vyeusi vya kamba, vile vya sherehe, akavaa na soksi. Akachomekea shati. Akageuza kofia mbele, akaona haitoshi, akaivua kabisa. Kwa mama mkwe hakuendwi magoti wazi, na wala mtu halali kifudifudi mbele ya mama mkwe hata kama kuna mto unapita chini. Sasa mpe mtu kama huyo kazi ya kutafuta maji ardhini akiwa na soksi. Ni sawa na kumwambia mpishi aonje mchuzi kwa kidole cha glovu.

Mama mwenyewe alikuwa ameshakaa kwenye benchi lake. Ni benchi la saruji, zito, limekaa karibu na ukuta wa mwisho wa bustani, na kila siku baada ya chai hukaa pale mpaka mchana, mgongo wima, mikono mapajani. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka ishirini na saba. Alistaafu yeye, sauti haikustaafu.

"Unaiona karatasi hii, mkwe?"

"Shikamoo, Mama. Naiona."

"Marahaba. Ni ya rangi gani?"

"Ya njano, Mama."

"Umewahi kuniona mimi ninapewa karatasi ya njano?"

"Hapana, Mama."

"Isome."

Fundi akaisoma. Mwaka ulikuwa wa ukame, na watu wa idara ya maji walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba. Kwa Mama walikuta makosa matatu: bustani inamwagiliwa mchana, maji yanatiririka mpaka barabarani, na mita inazunguka hata mabomba yote yakiwa yamefungwa. Ijumaa mkaguzi angerudi. Kama hata kosa moja litakuwa bado lipo, bomba la bustani linafungwa kwa lakiri mpaka mvua zinyeshe.

"Umemaliza?" Mama akauliza. "Sasa nisikilize mimi. Wakifunga, nyasi zitakufa. Zikifa, mimi sitakaa hapa nitazame vumbi. Nitahamia kwenu."

Fundi Mvua akaikunjua karatasi upya, akaisoma tena kuanzia juu.

Usimwone mbaya. Anampenda mama mkwe wake, tena sana, kwa umbali ule ule uliopo. Nyumba yake ni sebule na vyumba viwili, watoto watatu wamerundikana katika kimoja, na kuna stoo moja ya bomba na vyombo ambamo hujifungia akitaka kusikia mawazo yake. Mama aliwahi kuja kuwatembelea kwa siku tisa. Siku ya tatu kulikuwa na ratiba ya kuoga iliyobandikwa mlangoni. Siku ya sita Fundi alijikuta ananyoosha kidole juu kuomba kutoka mezani. Na mkewe, alipopigiwa simu Jumatatu ile kuelezwa hatari iliyopo, alijibu bila hata kuvuta pumzi, "Si atakaa stooni? Tutayatoa mabomba yako nje."

Kwa hiyo kazi ilibidi ifanyike, na ifanyike kabla ya Ijumaa.

Lakini sogea karibu nikunong'oneze jambo, maana bila hilo hutaelewa kwa nini fundi mzoefu aliisoma karatasi ile akitokwa na jasho. Mfumo ule wa maji alikuwa ameuweka yeye mwenyewe. Miaka kumi na minane iliyopita, akiwa mchumba.

Alikwenda pale kijana mwembamba, kitambi hana, ameshikwa na penzi la binti wa matroni. Mama akamtazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Mwanamume atakayemtunza binti yangu, nataka kwanza nione anavyotunza kazi. Niletee maji kwenye bustani." Kijana hakuwahi kuweka kinyunyizio hata kimoja maishani mwake. Akajibu, "Kazi ndogo hiyo, Mama." Na asubuhi ya kazi akaongeza, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, kwamba amekuja na kila kitu, hakuna hata skrubu iliyopungua.

Bomba mama, lile linalotoka kwenye mita kwenda kwenye vali za vinyunyizio, lilitakiwa lipite moja kwa moja mahali lilipojengwa benchi. Na juu ya benchi amekaa Mama, anasimamia. Angemwambia ainuke? Mchumba? Akalizungusha bomba nyuma ya benchi, kwenye upenyo wa shubiri moja kati ya saruji na ukuta. Pale akahitaji elbo, kile kipande cha kona cha kuunganishia mabomba. Akatafuta mkobani. Elbo zimekwisha.

Duka la vifaa lilikuwa mwendo wa dakika kumi tu. Lakini kwenda dukani ni kukiri kwamba skrubu zimepungua. Basi akajiiba nyuma ya jiko, akapasha moto ncha mbili za bomba kwenye makaa, akaisokomeza moja ndani ya nyingine, akazungushia ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, akakaza kwa waya, akafukia. Moyoni akasema: wiki ijayo nitarudi nirekebishe. Alipofungua maji, vichwa vyote vikainuka kwa pamoja, na Mama akapiga makofi mawili. Mawili tu, lakini mke alipatikana.

Wiki ijayo haijafika mpaka leo. Kila alipokwenda kusalimia, macho yalitangulia kwenye benchi kabla ya kufika kwa mwenye benchi.

Sasa rudi Jumatatu. Fundi alifunga mabomba yote ya nyumba na ya bustani, akainama kwenye mita. Kwenye uso wa mita kuna kinyota chekundu, kidogo kama mbegu ya papai. Maji yakitulia, nacho hutulia. Kilikuwa kinazunguka. Fundi yeyote hapo angefanya jambo moja: kufunga koki inayogawa maji ya bustani na ya nyumba, aone kama kinyota kitasimama, ajue uvujaji uko upande gani. Fundi Mvua alishika ile koki. Akageuka akatazama benchi. Akaiachia.

"Tuanze na vichwa, Mama," akasema.

Na kweli vichwa vilikuwa na mambo. Kati ya kumi na kimoja, viwili vilikuwa vimezibwa na mchanga. Kimoja kilikuwa kinauogesha ukuta. Kingine kilikuwa kimelalia upande wa barabara, na wapita njia walishazoea kuruka pale, hop, kila mmoja kwa mtindo wake. Kuna muuza mkate aliyekuwa akiosha baiskeli yake hapo kila siku, na alipokuta kimenyooshwa akabisha hodi kulalamika.

"Mmebadilisha utaratibu bila kutuambia?"

"Nenda ukaoshe kwenu!" Mama akamjibu kutoka kwenye benchi, bila kuinuka.

Jumanne ikawa zamu ya saa ya kuwashia, kile kisanduku cha ukutani kinachofungua maji chenyewe. Kilikuwa kimewekwa saa saba mchana.

"Mama, saa saba jua linawaka. Nusu ya maji inapaa kabla haijagusa udongo."

"Saa saba ndiyo kengele ya chakula cha mchana."

"Ya… ya nani, Mama?"

"Ya watu wote. Wasichana mia mbili walikula saa saba miaka ishirini na saba, hakuna aliyenyauka."

Fundi akakuna kichwa. Kumpinga mama mkwe haiwezekani, na kuacha saa saba haiwezekani. Akatafakari, kisha akauliza kwa unyenyekevu mkubwa, "Na kengele ya kuamka, Mama, ilikuwa saa ngapi?"

"Kumi na moja na nusu alfajiri. Anayechelewa anafagia uwanja."

"Basi nilikuwa nafikiri, hizi nyasi zinalala sana."

Mama akazigeukia nyasi. "Weka kumi na moja na nusu," akaamuru, na utadhani wazo lilikuwa lake.

Jumatano Fundi akataka kujua kama maji yanafika sawasawa kila pembe. Kwa kazi hiyo unatandaza vyombo vya ukubwa mmoja uwanjani, unafungulia maji dakika kumi na tano, halafu unapima kila chombo kwa rula. Mama alitoa vikombe kumi na viwili vya bati vya bweni, kila kimoja kimeandikwa namba kwa rangi nyekundu. Maji yalipofungwa, Fundi akawa anapita na rula akitaja, na Mama anaandika kwenye daftari.

"Namba nne, sentimita tatu."

"Huyo anapendelewa. Endelea."

"Namba saba, moja na nusu."

"Anajitahidi."

"Namba tisa, Mama… amelowa tu."

"Namba tisa amefeli," Mama akasema, akapiga mstari. "Msaidie namba tisa."

Akabadilisha midomo ya vichwa mpaka vikombe vikalingana. Kisha akaeleza kwamba badala ya kumwagilia kidogo kidogo kila siku, ni bora mara tatu kwa wiki lakini maji yazame, ili mizizi iyafuate chini. Na nyasi zisikatwe fupi mno, zijifunikie udongo zenyewe.

"Yaani unazinyima kidogo ili zijitegemee."

"Ndiyo, Mama."

"Hivyo ndivyo nilivyolea," akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile kukawa na kitu kama tabasamu. Halafu akainamisha kichwa kuelekea kwenye mita. "Lakini, mkwe, kile kinyota chako bado kinacheza."

Kabla Fundi hajajibu, kichwa kikatokeza juu ya ukuta, nyuma ya benchi. Alikuwa jirani, mzee aliyefanya kazi posta maisha yake yote, ndiyo maana mtaa mzima wanamwita Mzee Stempu. Alikuwa amepanda kwenye kreti, na mikononi amebeba boga kubwa kama mtoto mchanga.

"Jirani, pokea la wiki hii."

"Ahsante sana, jirani. Mungu akuzidishie."

"Watu wanalia ukame," Mzee Stempu akasema, huku anamtazama Fundi kama mtu anayetoa siri ya biashara. "Mimi maboga haya sijayamwagilia hata kikombe. Miaka kumi na minane sasa! Watu wananiuliza, mzee unatumia mbolea gani? Nawaambia ni mkono tu. Kuna watu na mikono yao."

Fundi Mvua alikuwa ameshika tepu ya bomba kwa meno. Nusura aimeze. Akautazama ukuta. Akatazama chini ya ukuta. Akatazama benchi. Miaka kumi na minane. Sasa alijua maji yanakwenda wapi, alijua yanatoka wapi, na alijua ni nani aliyeyatuma.

Alhamisi asubuhi, mwishowe, akaifunga ile koki ya bustani. Kinyota kikasimama pale pale. Hapakuwa na pengine pa kukimbilia: kati ya koki na vali kulikuwa na kiungo kimoja tu cha mashaka, na mbele yake amekaa mama mkwe.

Akampigia simu mkewe.

"Mwambie mama yako ainuke kwenye benchi."

"Mwambie wewe. Mdomo unao."

"Nimwambie mama mkwe ainuke?"

"Basi mwache akae. Nianze kuhamisha mabomba stooni?"

Akakata simu, akajaribu njia za mzunguko.

"Mama, jua limekuwa kali hapo ulipo."

"Linanisaidia magoti."

"Mama, nimeona chai imechemka jikoni."

"Niletee hapa hapa."

Akamletea. Akazunguka mara mbili. Kisha akajikaza. "Mama, nadhani nimeona nyoka anaingia chini ya benchi."

"Nyoka?" Mama akanywa chai kidogo. "Hapa nimekaa miaka yote. Kama yupo, ananijua."

Basi ikawa haina namna. Fundi akaenda nyuma ya nyumba. Aliporudi, viatu hana, soksi hana, suruali imekunjwa mpaka magotini. Miguu ilipogusa nyasi ikashtuka kwa furaha, na akafumba macho bila kutaka. Hatua saba, ubaridi. Hatua tisa, topetope chini ya majani. Akafika ubavuni mwa benchi, akasema, "Nisamehe, Mama," akalala kifudifudi, akachimba kwa mwiko, akaupenyeza mkono kwenye ule upenyo wa shubiri moja. Mkono ulikuwa umenenepa tangu uchumba. Uliingia kwa tabu. Shavu lake likawa limelalia udongo, sentimita chache kutoka kwenye ndala za mama mkwe.

Ndala zikasogea kidogo. Kisha sauti ikashuka kutoka juu, taratibu.

"Mkwe."

"Naam, Mama."

"Unatafuta nini chini ya benchi langu?"

"Bomba, Mama."

"Umelipata?"

"Nimelishika, Mama." Vidole vyake vilikuwa vimegusa kitu laini, chenye utelezi, kilichofungwa kwa waya ulioliwa na kutu.

"Linasemaje?"

"Linavuja, Mama."

"Basi vuta tuone."

"Mama, labda ungeinuka kwanza…"

"Nimesema vuta."

Akavuta. Matroni akisema vuta, mtu anavuta. Na alipokwenda kuvua viatu, alikuwa ameifungua tena koki ili asikie uvujaji vizuri, akasahau kuifunga. Waya ukakatika, mpira ukachomoka, na maji yakatoka nyuma ya benchi kwa nguvu ya miaka kumi na minane. Yalipanda, yakapiga ukuta, yakageuka, yakamshukia Mama kichwani, kwenye chai, kila mahali.

Akainuka.

Fundi alikimbia kwenye koki, akafunga, akarudi akiwa tope tupu, mkononi bado ameshika ule mpira. Alitaka kuuficha mfukoni, lakini Mama alikuwa ameshanyoosha mkono, kiganja juu, kama anavyodai kitu kilichofichwa chini ya godoro. Akampa.

Mama akaugeuza huku na huku. Maji yalikuwa yanamdondoka puani.

"Huu ni nini?"

"Mpira wa ndani wa baiskeli, Mama."

"Uliingiaje humo?"

Na hapo Fundi Mvua akasema yote. Elbo iliyopungua, makaa ya nyuma ya jiko, wiki ijayo. Alizungumza akiangalia vidole vyake vya miguu. Alipomaliza, Mama alikuwa bado ameutazama ule mpira.

"Kwa hiyo binti yangu," akasema pole pole, "nilimtoa kwa mpira wa baiskeli."

"Mama, nisamehe."

Mama akainama. Alikuwa anatazama shimo, anatazama udongo uliolowa unavyoelekea chini ya ukuta, na macho yakawa yanapanuka. Akainua kichwa akatazama juu ya ukuta, pale kichwa cha jirani hutokezea.

"Maboga!" akasema. "Miaka kumi na minane! Kila wiki nasimama hapa nasema ahsante sana, Mungu akuzidishie! Kumbe namshukuru mtu kwa maji yangu mwenyewe!"

Akaingia ndani, akafunga mlango. Fundi alichimba upenyo ukapanuka, akakata bomba lililooza, akaweka elbo mpya, mbili za akiba akaziacha mkobani, akapaka gundi, akahesabu dakika zake, akafungua maji. Kinyota kikatulia tuli. Alibisha hodi kuaga. Hakujibiwa. Na jua lilipokuwa linazama, alikuta mkewe amesimama mlangoni kwao, simu mkononi.

"Umemfanya nini mama? Kaniuliza kabati letu la stooni lina upana gani, nami nimeshatoa vitu."

Usiku ule Fundi alilala kidogo sana.

Ijumaa saa nne, mkaguzi akafika, dada kijana mwenye mabuti na ubao wa kuandikia. Mama alikuwa kwenye benchi, mgongo wima. Fundi alikuwa kando, amevaa viatu tena, soksi mpaka juu. Dada akatembea barabarani: kukavu. Akakagua saa ya kuwashia: alfajiri. Akaomba mabomba yote yafungwe, akachuchumaa mbele ya mita na kukaa pale kwa muda ambao Fundi aliuhesabu kama miaka. Kinyota hakikutikisika.

"Safi," akasema. "Hatufungi." Akageuza karatasi. "Nimebakiza sehemu moja ya fomu. Sababu ya uvujaji?"

Fundi akafungua kinywa. Bora aseme mwenyewe, alifikiri, mbele ya serikali. Lakini sauti ya benchi ikamtangulia.

"Andika ujana."

Dada akapitisha kalamu kwenye orodha. "Mama, hapa kuna kutu, mizizi, na kugongwa na jembe. Ujana haumo."

"Kuna 'nyinginezo'?"

"Ipo."

"Basi weka alama hapo, unywe chai uende zako."

Dada alipoondoka, Mama akamgeukia mkwewe. "Mwambie binti yangu arudishe vitu kwenye kabati. Sihami." Akapangusa benchi kwa kiganja. "Nilikuwa napima tu. Halinitoshi. Na wewe, mbona umevaa viatu? Jana nimekuona ukifanya kazi bila viatu, nikajua sasa kumbe fundi ninaye. Vua."

Fundi akavua. Alikuwa bado ameinama kwenye kamba za kiatu pale kreti iliposikika ikiburutwa upande wa pili, na kichwa kikatokeza juu ya ukuta. Safari hii hakikuja na boga.

"Jirani," Mzee Stempu akasema, na sauti yake haikuwa na majivuno hata chembe. "Sijui nimekuwaje. Tangu jana maboga yamelegeza majani yote. Usiku mzima natazama huu mkono." Akaunyoosha juu ya ukuta waukague. "Unaona umebadilika? Uzee huu, jamani. Nimepoteza mkono."

Mama akamtazama Fundi. Fundi akatazama nyasi.

"Subiri hapo hapo, jirani," Mama akasema. Kisha akashusha sauti, ikawa ya kumfikia mkwe peke yake. "Maji yangu ya kusuuzia nguo yanamwagika bure kila siku nyuma ya karo. Pitisha bomba chini ya ukuta, yaende kwake. Leo. Na uwe na elbo za kutosha."

"Ndiyo, Mama. Na yeye… tumwambieje?"

"Unaniuliza mimi? Aliyeanza kumpa maji ni nani?"

Fundi Mvua akasimama pale, miguu mitupu kwenye majani yenye ubaridi. Juu ya ukuta yule mzee bado ameunyoosha mkono wake, anaugeuza kiganja juu, kiganja chini, anangoja kuambiwa. Kufikia keshokutwa, kwa maji ya kusuuzia, majani yatakuwa yamesimama tena, na mzee atapanda kreti yake akipiga kelele kwamba mkono umerudi. Au ataambiwa sasa hivi kwamba haukuwahi kuwepo.

Wewe hapo ulipo, ungekuwa na tope lile miguuni na uso ule unakutazama, ungemwambia nini?